Mpunga wa Ukutani

Mimi ni mpiga video za harusi, na sisemi kwa kujisifu, ila Kibiti nzima wananijua. Nimepiga harusi za mjini zenye keki ya ghorofa, nimepiga harusi za Mbwera ambako bibi harusi anashuka kwenye boti, viatu mkononi, gauni kalikunja mpaka magotini kwa sababu maji yamekupwa na mbele yake ni tope tupu. Hakuna kitu watu watafanya mbele ya kamera kikanishangaza. Kwa hiyo mwanangu aliponiambia, "Mama, nataka unipigie video ya kazi yangu, mtu akiwa ndani yake, mwanzo mpaka mwisho," nikamjibu kazi ya asubuhi moja hiyo, hata chai haitapoa. Lo! Ile kazi ilinitoa jasho kuliko harusi zote nilizopata kuzipiga.

Mwanangu alisomea Dar. Ukimuuliza anafanya kazi gani atakwambia sanaa ya kidijitali, na ukimuuliza maana yake ni nini atakwambia njoo uone. Basi tukaenda kuona. Alikuwa ameazima ghala la mpunga palepale Kibiti, kando ya barabara, lililokuwa tupu likisubiri msimu, akazungushia kuta zote nne kitambaa cheupe. Katikati akajenga dungu. Si picha ya dungu, dungu lenyewe, la miti, lenye ngazi na mkeka juu, kama yale tunayohamia sisi watu wa Rufiji mpunga ukianza kuiva, tukakaa humo kutwa kucha tukiamia ndege wasitumalizie riziki.

Unapanda, unakaa. Taa zinazimwa, na projekta zinakuwashia mpunga pande zote: umeiva, umeinama, upepo unaupitia. Halafu wanakuja kwelea. Mmoja, halafu kundi, halafu kundi kubwa zaidi. Kutoka kwenye dungu zimetandazwa kamba zenye makopo, vilevile kama shambani, ila yeye kazifunga vidude vya kupeleka habari kwenye kompyuta. Ukivuta kamba, au ukipiga ukelele maiki ikausikia, ndege wote wanaruka. Ukinyamaza, wanakula. Na wanakula kweli, punje zinatoweka suke kwa suke, mpaka ukuta mzima unabaki mabua.

"Wakimaliza kuta zote nne," mwanangu akasema, "inaanza sehemu ya pili."

"Kuna nini huko sehemu ya pili?"

"Yupo bibi."

Bibi yake ni mama yangu. Alifariki mwaka juzi, na shamba lake la Mbwera ndilo ninalolima mpaka leo. Kumbe kabla hajafariki mjukuu wake alikaa naye shambani na vifaa vyake, akamrekodi. Nikamwambia mtoto nisikilizishe, sasa hivi, hapahapa. Akanikatalia.

"Haisikilizwi kwenye simu, mama. Inabidi uifikie mwenyewe."

"Alaa! Yule alikuwa mama yangu kabla hajawa bibi yako!"

"Najua, mama," akasema kwa upole, na akanikatalia vilevile. Ana kichwa kigumu huyo mtoto, na sina pa kulalamika kwa maana najua kakitoa wapi.

Sasa shida ilikuwa hii. Kompyuta iliyokuwa ikiendesha yale mambo ilikuwa kuukuu, kainunua mkononi kwa mtu, na ilishaanza kuganda kila inapopata joto. Feni yake ilinguruma ukadhani mashine ya kukoboa. Mwenye ghala naye alitaka ghala lake. "Mwanangu, huo mpunga wa ukutani ni mzuri, tena mzuri sana," alisema, "lakini wangu umo kwenye magunia unakuja." Akatupa wiki moja. Na kulikuwa na jumba moja la makumbusho mjini Dar, walikuwa tayari kuichukua ile kazi waijenge upya kwao na kuitunza, ila kwa sharti: wapate kumbukumbu ya mtu halisi akiipitia yote, sehemu ya kwanza na ya pili, bila kukatwa. Walimweleza kwa simu kwamba kompyuta zitakufa na projekta zitakufa, kwa hiyo wanachotaka kujua ni ilikuwaje mtu alipokuwa ndani. Bila hiyo wangepokea makopo na kitambaa, na makopo na kitambaa hawana haja navyo. Jasho lote la mwanangu lingeishia kwenye maboksi chini ya kitanda changu.

Mimi sikuona tatizo liko wapi. Nikaweka kamera moja mlangoni, moja pembeni, moja juu kwenye boriti ikimtazama mtu usoni. Wakaja kina mama wa Dimani, wageni wetu wa kwanza. Wakavua ndala chini ya ngazi, wakapanda, wakapanga miguu vizuri, wakasifia mkeka. Taa zikazimika. Mpunga ukawaka. "Mashaallah," wakasema, "mpunga wa nani huu?"

Akatua ndege mmoja.

Jamani! Nimeshawahi kusikia kelele, lakini zile hapana. "Hoyooo! Hoyo! Hoyo!" Huyu kamba hii, yule kamba ile, makopo yanalia, mwingine kasimama wima kwenye dungu anapiga makofi kuelekea ukutani. Ndege wakaruka. Wakarudi kwa upande wa pili, wakakuta mama wa upande wa pili anawasubiri. Nusu saa nzima hakuna punje iliyoguswa. Wakashuka wanatweta, wanacheka, khanga zimewalegea, wakanishika mkono: "Mpunga umenusurika, mwenzangu!" Wakaenda zao wamefurahi mno. Mwanangu alikuwa nyuma ya pazia na kompyuta yake, kashika kichwa.

Waliofuata aliwaeleza kabla. "Nawaombeni, mkishapanda msifanye kitu. Kaeni tu. Waacheni wale." Wakaitikia vizuri, kwa heshima zote: "Tumekuelewa mwanetu, wala usitie shaka." Wakapanda. Akatua ndege. "Hoyooo!" Yuko mzee mmoja aliyeapa kabisa kwamba hatafungua mdomo, na kweli hakuufungua, alirusha kiatu. Yuko mwalimu wa madrasa niliyemtegemea kuliko wote, mtu mtaratibu, sauti hajawahi kuipandisha; alivumilia kidogo, akageuka kunitazama kwenye kamera, akasema, "Astaghafirullahi, mimi siwezi kukaa naangalia riziki inaharibiwa," akakamata kamba mbili kwa mpigo. Vijana nao walikuja na maneno yao ya Dar, sijui noma sijui mzuka, nikasema hawa watatulia. Wapi! Hao ndio waliokuwa wanashindana nani anawafukuza wengi.

Nikasema basi, tatizo ni watu wetu. Mtoto wa huku amefundishwa kumpigia kelele kwelea kabla hajajua kumwamkia mkubwa. Tumtafute mgeni. Nikamkumbuka kaka mmoja afisa pale wilayani, mtu wa Bukoba, mpole. Kwao ndizi, na ndizi haina kwelea. Akaja, akapanda, akakaa, akatoa simu yake. Ndege wakashuka. Yeye yuko kwenye simu. Wakaanza kula. Wakamaliza ukuta wa kwanza, wakaanza wa pili, na mimi nyuma ya kamera ya mlangoni nashukuru Mungu kimoyomoyo.

Nilichosahau ni foleni. Nje pale palikuwa na watu wanasubiri zamu yao, na ghala lina joto, mlango tumeuacha wazi kidogo. Wakachungulia.

"We kaka! Wanakula!"

"Kaka wa Bukoba! Vuta kamba, vuta!"

"Kha! Yuko kwenye simu!"

Mama mmoja hakungoja. Alipita mbele ya kamera yangu hodi hana, akaparamia ngazi, akavuta kamba zote, akapiga ukelele wa kuamsha wafu, kisha akamgeukia yule kaka wa watu akamwambia yeye ni mvivu wa hali ya juu na amhurumie mwanamke atakayemuoa. Kaka akashuka ameinamisha kichwa. Na kesho yake, wala hatukumwita, akarudi mwenyewe akaomba apande tena. Nikafurahi. Kumbe kaja kujisafisha! Alipiga kelele huyo utadhani kazaliwa Salale, kwenye mpunga wetu.

Siku zikaenda. Usiku wa kuamkia siku ya mwisho nilimwambia mwanangu, na nilimwambia kwa ukali kwa sababu nilishachoka: "Kazi yako ndiyo hii uliyoiona. Watu wanapanda, wanafukuza ndege, wanashuka wanacheka. Peleka hiyo."

"Hiyo ni nusu yake, mama."

"Nusu nyingine hakuna mtu anaitaka!"

Sikupaswa kusema vile. Aliinama akaanza kukunja waya, na nikaona machozi yanamdondokea mikononi. Akasema bibi alimsimulia mwaka mmoja ambao ndege walikula shamba lote. Mwaka ule naujua. Nilikuwa mdogo. Na najua pia kilichofuata, kwa sababu kule mashambani kwetu kuna desturi: asubuhi, mtu hata uso hajanawa, anasimama kwenye dungu lake anamwita jirani, "Wamekuachia?" Ukijibu wameniachia, maisha yanaendelea. Ukijibu hawakuniachia, jirani anakwambia njoo kwangu, nawe unaenda kuvuna upande mmoja wa shamba lake, na hakuna anayekuuliza ulilala au ulifanyaje. Mwaka ule mama alikwenda kwa jirani na mimi mgongoni. Miaka yote iliyofuata ndiye aliyekuwa wa kwanza kuita.

"Basi kesho upande wewe," mwanangu akasema.

"Mimi nina kamera."

"Kamera zina stendi, mama."

Nikaenda kukagua betri za kamera.

Asubuhi nikapanda. Habari zilikuwa zimeshaenea, wanawake wakajaa nje, wa Dimani wale wa kwanza wamerudi, majirani zangu, mashoga zangu, na yule mama aliyemtukana kaka wa Bukoba yuko mbele kabisa. Mwanangu akawapanga mlangoni, akawasihi: lolote mtakaloliona, msiingie, msiseme neno. Wakaapa. Mimi nikakaa kwenye mkeka, nikauma pindo la khanga yangu, na mikono nikaikalia.

Wakaja.

Sikilizeni, mimi ni mtu mzima. Najua kitambaa ni nini na projekta ni nini, nyaya nyingine nilizifunga kwa mikono yangu. Lakini ndege wa kwanza alipotua nywele zote zilinisimama. Walipojaa, jasho likanitoka. Nikawatukana kimoyomoyo matusi ambayo sitayaandika. Kamba ilikuwa karibu na goti langu, kidogo tu, nikaisogelea bila kukusudia, nikajirudisha. Nje nilisikia watu wanaguna, wanavuta pumzi, mmoja anamwambia mwenzake, "Nishike, shoga, nishike nisiingie." Ukuta wa kwanza ukaisha. Kompyuta nyuma ya pazia inanguruma.

Ndipo nikasikia kitu. Sauti ndogo, ya pande zote, kama mvua nyembamba juu ya makuti. Nikajiuliza ni nini. Ilikuwa midomo yao. Ndege wengi mno wanakula kwa pamoja, na mtoto wangu alikwenda akairekodi sauti hiyo shambani. Nimezaliwa kwenye mpunga, nimekulia kwenye dungu, na sikuwahi kuisikia, kwa sababu hatujawahi kunyamaza. Nikaacha kuuma khanga. Nikasikiliza mpaka ukuta wa nne ukaisha na wote wakaruka kwa mkupuo mmoja, na giza likaingia.

Halafu pakaanza kupambazuka. Polepole. Mabua matupu pande zote, ukungu umekaa chini. Na kutoka mkono wa kushoto, pale ambapo lingekuwa dungu la jirani, mtu akakohoa kidogo kusafisha koo. Nilimjua kwa kile kikohozi kabla hajasema.

"We wa huko! Wamekuachia?"

Mama yangu. Si sauti ya ugonjwani, sauti yake ya shambani, inayovuka maji. Halafu kimya. Ile kazi ilikuwa inasubiri, maiki iko wazi, inangoja mtu ajibu. Nikasahau kamera, nikasahau makumbusho. Nikasimama kwenye lile dungu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikaita kwa nguvu zangu zote huku nalia:

"Hawakuniachia, mama! Wamekula wote!"

Basi! Hata sikumaliza kuvuta pumzi.

"Njoo kwangu!" Ilitoka mlangoni. "Njoo kwangu, mwenzangu!" "Njoo kwangu, mpunga upo!" "Kwangu! Kwangu njoo!" Wote kwa pamoja, viapo vimekwenda na maji. Wakaingia na ndala zao, wakalizunguka dungu, wananyoosha mikono juu, mmoja kanishika mguu ananivuta nishuke tuondoke. Mwanangu anapiga kelele, "Jamani, bibi anaongea! Nyamazeni, bibi anaongea!" Na kweli, chini ya zile kelele sauti ya mama ilikuwa inasema neno, niliihisi zaidi ya kuisikia. Halafu feni ikanyamaza. Kuta zikawa nyeupe. Kompyuta ilikuwa imekufa, na haijaamka mpaka leo.

Kina mama wakabaki wamesimama kwenye mwanga ule, wanatazamana. "Tumeharibu?" mmoja akauliza.

Mwanangu alichukua kamera yangu, akarudisha nyuma, akatazama. Sisi tunamtazama yeye. Akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, nikamsogelea. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na kina mama nao wakaanza, na mimi na machozi yangu, tukavunjika mbavu ghala zima, mpaka mwenye ghala akaja kuuliza kulikoni.

"Inakwenda hivihivi," mwanangu akasema. "Sikati hata kidogo."

Na ikaenda hivyohivyo. Alipokuwa anawaelekeza wale wa makumbusho namna ya kuijenga tena, projekta ikae wapi, kamba zipite wapi, aliongeza sharti moja: mlangoni lazima wawepo watu wa kujibu. Wakampigia simu. Watu gani? Akasema wowote. Na tukikosa? Akasema, basi siku hiyo msifungue. Nilikuwa pembeni nasikiliza, nikamwonea fahari.

Siku ile ile ya ghala alinipa simu yake. "Sasa umefika, mama. Unaweza kusikiliza alichokujibu." Nikaishika ile simu, nikaitazama. Kisha nikamrudishia, nikamwambia itunze. Jibu nilishapewa, tena na watu wengi.

Msimu uliopita wakaifungua mjini, tukaalikwa. Nikavaa nikapendeza. Nikasimama nyuma, karibu na mlango, nikawatazama watu wa mjini wakipanda dungu. Kumbe wao hawana shida! Wanakaa, wametulia tuli, na chupa ya maji mkononi, mpunga unaliwa kuta zote nne na mtu hata hakohoi. Mimi ndiye niliyekuwa najifinya.

Akapanda binti mmoja, peke yake. Ndege wakala, giza likaja, kukapambazuka. Mama yangu akakohoa, akauliza. Binti akazungusha macho, akaona haya, kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijui hata maiki iliipataje, "Wamekula wote."

Yule aliyepangiwa kujibu mlangoni alikuwa anachezea simu.

"Njoo kwangu!" nikapiga ukelele kutoka tumboni, ukumbi mzima ukashtuka. Na palepale, neno kwa neno, mama yangu naye alikuwa anasema lilelile, na sote wawili tukamaliza pamoja.

"Mama!" mwanangu akaninong'oneza huku kajiziba mdomo kwa kucheka. "Bibi kafunikwa tena!"

Binti akashuka ngazi, viatu hajavaa, akanijia moja kwa moja. Akaniamkia. Halafu akaniuliza, wala hakuwa anatania, "Kwako ni wapi, mama?"

Nikamwambia Mbwera. Shuka Kibiti, uliza mpiga video za harusi, utaletwa mpaka mlangoni, boti tutapanda pamoja. Akaitikia, nikajua ni maneno tu ya watu wa mjini. Mpunga ulipoiva akaja, begi mgongoni, na nikamwonyesha upande wake wa shamba.